“Wenzangu Wanaishi, Mimi Nasoma Tu”: Jibu kwa Msichana Mpenda Riwaya

*“Shikamoo mshauri. Mimi ni msichana wa miaka 16. Nilianza kusoma riwaya nikiwa na miaka 10 na sijawahi kupumzika. Kwa wiki namaliza mbili, likizo hata nne. Nyumbani wanasema zitaniharibu macho, zitanifundisha mapenzi kabla ya wakati, na kwamba nayakimbia maisha halisi. Zamani nilikuwa nabisha, siku hizi naanza kuwaamini. Mwezi uliopita mhusika niliyempenda alikufa kurasa tano kabla ya mwisho, nikalia kama nimefiwa kweli. Siku tatu sikutaka kuongea na mtu. Usiku nasoma hadi saa nane, asubuhi nasinzia darasani. Halafu kuna jambo sijamwambia mtu: nikitembea peke yangu najikuta najisimulia kichwani, ‘Akasukuma lango, akatazama kulia, hakuna aliyemwona.’ Rafiki yangu niliyekua naye ameniambia, ‘Wewe huishi, wewe unasoma tu.’ Imeniuma kwa sababu nadhani ni kweli. Je, nina tatizo? Niache? Na nikiacha nitabaki kuwa nani? Swali dogo la mwisho: ni vibaya kuchungulia ukurasa wa mwisho kwanza?”*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama mshauri wa vijana, ya pili kama mtu aliyewahi kuficha tochi chini ya mto.

Umeuliza mambo mengi: macho, mapenzi, usingizi, msiba wa mtu asiyekuwepo, sauti ya msimulizi, rafiki. Yote nitayagusa. Lakini naona hofu moja imelala chini yake, nayo ni kwamba kukua ni kitu kinachotokea huko nje, kwa wenzako, na wewe umebaki ndani na kitabu mapajani huku gari likiondoka. Nianzie hapo, maana hiyo ikitulia mengine yatakuwa mepesi.

Muulize mtoto wa miaka minane akusimulie maisha yake. Atakupa orodha: nilizaliwa, nikaanza shule, niliumwa, tukahama, nina paka. Kila tukio limesimama peke yake. Muulize wa miaka 16, atakuambia: “Tulipohama nilipoteza marafiki, ndipo nikazoea kukaa peke yangu, na ndiyo maana mpaka leo sizoeani na watu haraka.” Umeyaona maneno yaliyoingia? Ndipo. Ndiyo maana. Mpaka leo. Huo uwezo wa kuyafunga matukio kwa kamba ya sababu, ukapata mtu mmoja anayeanzia utotoni hadi sasa, hatuzaliwi nao. Tilmann Habermas na Susan Bluck, wanasaikolojia waliopitia tafiti za eneo hili mwaka 2000, walieleza kwamba ni katika ujana ndipo mtu anapoanza kuwa na hadithi ya maisha yake. Kabla ya hapo ana kumbukumbu tu, kama shanga ambazo hazijatungwa.

Sasa riwaya ni nini kama si karakana ya “ndiyo maana”? Kila unapofuata mhusika kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, unajizoeza kuuliza kilichomfanya awe vile, alichokosea kukielewa, kilichobadilika na kilichogoma kubadilika. Unajizoeza kwa mtu wa kubuni jambo ambalo akili yako, kwa umri huu hasa, inataka kulifanya kwako mwenyewe. Kwa hiyo saa ulizokaa na vitabu vyako siziandiki kwenye hesabu ya saa zilizopotea. Ulikuwa kazini, ingawa ulikuwa umelala kifudifudi kitandani.

Hapa pia ndipo inapotoka ile sauti ya msimulizi unayoionea aibu. Mwaka 1967 mwanasaikolojia David Elkind alieleza mambo mawili yanayowapata vijana wengi. La kwanza ni kujihisi kana kwamba kuna hadhira inayokutazama wakati wote, hata ukiwa unavuka barabara tu. La pili ni imani kwamba hisia zako hazijawahi kumpata binadamu mwingine. Chukua hadhira hiyo ya kufikirika, ongeza miaka sita ya riwaya, utapata “Akasukuma lango, akatazama kulia.” Si wazimu. Ni sauti yako ya ndani, ile ambayo watu wengi wanayo, imevaa nguo ilizozizoea. Wasomaji wengi hufanya hivyo, na wanaoishia kuandika vitabu sidhani kama huacha kabisa. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeniambia sauti hiyo unaisikia kwa masikio, inatoka nje yako, inakutukana au inakuamuru. Hiyo ni habari nyingine, na nitairudia mbele.

Kuhusu ile imani kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuhisi unachohisi, riwaya ni mojawapo ya dawa zake bora. Nani hajawahi kufika kwenye sentensi fulani akashusha kitabu na kusema, “Huyu kanijuaje?”

Lakini sitakudanganya kwamba riwaya hazina madhara ya aina yoyote. Zipo athari mbili ambazo nimeziona kwa wasomaji wazuri, tena kwa walio wazuri kuliko wote.

Ya kwanza: riwaya haina tukio la bure. Shangazi akikohoa ukurasa wa 10, ujue ukurasa wa 200 kuna msiba. Mwandishi hakulipa karatasi kwa kikohozi kisicho na kazi. Huku nje kikohozi ni kikohozi. Msomaji aliyekolea huanza kutafuta dokezo kila mahali: rafiki hajajibu ujumbe tangu asubuhi, basi sura ya usaliti imeanza. Kumbe simu imeisha chaji. Ukijikuta umeshamjengea mtu nia na njama kutokana na kimya cha saa tatu, jiambie tu kwamba huyu hana mwandishi, kisha muulize.

Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi kwenye barua yako, nayo ni kungoja. Riwaya huanza siku ambayo kitu kimetokea. Haikuonyeshi zile Jumanne 400 zilizotangulia, ambazo mhusika alifua soksi, akapiga miayo, akagombana na mdogo wake kuhusu taulo. Msomaji wa muda mrefu anaweza kuamini polepole, bila kujisemea, kwamba maisha yake bado hayajaanza kwa sababu hakuna mgeni wa ajabu aliyebisha hodi. Anazipitisha Jumanne zake kama mtu aliyekaa kwenye benchi la kituo. Nadhani ndicho kilichokuuma rafiki yako aliposema huishi. Lakini yeye naye, huko unakodhani anaishi, anafua soksi. Tofauti ni kwamba hazilinganishi Jumanne zake na sura ya 30 ya mtu mwingine.

Na huyo rafiki, hebu tumsikilize vizuri. Mtu mliyekua pamoja haamki tu siku moja akawa mhakiki wa tabia zako za kusoma. Nikilisikia neno lake kwa sikio la kazi yangu, nasikia “nimekukosa.” Huenda mara ya mwisho amekuja kwenu, ulikuwa unamjibu “ee” huku kidole kikiwa katikati ya kurasa kushikilia ulipofikia. Mtu huona kile kidole, mwanangu. Huna haja ya kumjibu kwa hoja wala kumthibitishia faida za fasihi. Mtafute, kitabu kibaki nyumbani, mkae mpaka mchoke. Mkishazoeana tena, muazime riwaya moja nyembamba, ya mambo anayoyapenda yeye, hata kama wewe unaiona ya kitoto.

Umeniuliza ukiacha utabaki kuwa nani. Swali hilo ni la umri wako kweli. Mwanasaikolojia Erik Erikson alilifanya kuwa ndiyo kazi kuu ya ujana, kutafuta jibu la “mimi ni nani” bila kulinunua upesi kwa bei ya kwanza. Sioni sababu ya kuacha. Ila naona umeanza kujiita “msomaji” kana kwamba ndilo jina lako kamili. Ongeza jina la pili, la tatu. Jambo moja linalohusisha mwili, kama mpira, ngoma au bustani, na jambo moja ambalo mtu mwingine anakutegemea ulifanye. Usianze kwa kupunguza vitabu. Vitabu vitajipunguza vyenyewe kidogo, na vitakavyobaki utavisoma kwa njaa.

Nina riwaya niliyoisoma nikiwa na miaka 15. Jalada limeng’oka, nimelishikiza kwa gundi. Kuna ukurasa ambao baba anamkatalia binti yake kuondoka nyumbani, na pembeni nimeandika kwa penseli, kwa nguvu iliyotoboa karatasi: KATILI! Niliirudia nikiwa na miaka 41, nikiwa na binti wa kwangu. Ukurasa uleule, maneno yaleyale. Nikakutana na mstari ambao sikuukumbuka hata kidogo: baba anaingia chumbani kwa binti, anakaa kitandani, anakunja shuka ambalo tayari limekunjwa. Ule mstari ulikuwepo siku zote. Nilipokuwa na miaka 15 macho yangu yaliupita kama yanavyopita namba ya ukurasa. Sikulifuta lile neno la penseli. Chini yake niliandika: “na anaogopa.”

Nakueleza hili kwa sababu nahisi unaogopa kwamba hukui. Kukua hakuonekani ukijitazama kila siku, kama ambavyo huoni kucha zikirefuka. Chukua kitabu ulichokipenda ukiwa na miaka 11, kisome tena wiki hii, uwe na penseli. Weka alama popote utakapojikuta upande wa mtu tofauti na wa zamani, au utakapochoka mahali ulipocheka. Alama hizo ndizo zitakujibu kama umesimama au umetembea, na zitajibu kwa uhakika kuliko mimi au rafiki yako.

Sasa yale mengine.

Msiba wa mhusika. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio wanaojenga ukaribu wa upande mmoja na watu wasiowajua, na tangu hapo watafiti wameuona ukaribu huohuo kwa wahusika wa kubuni pia. Umeshinda saa 12 ndani ya kichwa cha mtu, unajua anachomficha hata mama yake; jirani yako humjui kiasi hicho. Akifa, ubongo haujui utani. Siku tatu za ukimya ni huzuni ya kawaida na haihitaji tiba, ingawa ningependa ungemwambia mtu mmoja kilichokuliza. Huzuni iliyosimuliwa hupungua uzito.

Macho. Kusoma kwenye mwanga hafifu huyachosha macho, yakawasha na kichwa kikauma, lakini hakuyaharibu moja kwa moja. Kusoma kwa karibu kwa muda mrefu kumehusishwa na kutoona mbali, na kinachosaidia kwa ushahidi mzuri ni kutoka nje mchana. Katika utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 kati yao walikuwa wamepata tatizo hilo, dhidi ya 39.5 ya wenzao. Walikuwa wadogo kuliko wewe, lakini ushauri ni rahisi na hauna hasara: soma nje, inua macho mara kwa mara utazame mbali. Ukianza kukunja uso kusoma ubaoni, nenda ukapimwe.

Mapenzi. Wanaokuonya hawakuanza wao. Ulaya ya karne ya 18 ilijaa maonyo kwamba riwaya zitawaharibu wasichana; Wajerumani walikuwa na neno lake kabisa, Lesesucht, uraibu wa kusoma. Kusoma habari za mapenzi si lazima kumsukume mtu kuyaendea, na msichana aliyekwisha kuona kitabuni jinsi mtu anavyolaghaiwa anaweza kuutambua ulaghai mapema. Wasiwasi wangu uko kwingine: zipo riwaya zinazopamba mambo mabaya. Mwanamume anamfuatilia msichana, anakagua simu yake, anapiga ukuta kwa wivu, na mwandishi anatuambia hayo ndiyo mapenzi mazito. Ukikutana naye, soma ukipenda, lakini jiulize ungemwambia nini rafiki yako kama huyo kijana angekuwa wake.

Utasikia pia watu wakikutetea kwamba riwaya humfanya mtu awe na huruma. Nenda nalo taratibu. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha kwenye jarida la Science matokeo kwamba kusoma kipande kifupi cha fasihi nzito kulimsaidia mtu kutambua hisia kwa kutazama picha za macho ya watu. Watafiti wengine walirudia jaribio hilo, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba hawakupata matokeo yaleyale. Wanaosoma hadithi miaka mingi huwa wanafanya vizuri kidogo kwenye vipimo hivyo, ila inawezekana pia kwamba wenye kujali watu ndio wanaovutwa na hadithi. Nawajua wasomaji wakubwa ambao ni wagumu kama jiwe. Kilicho imara zaidi ni upande wa lugha: anayesoma sana hupata msamiati na wepesi wa kusoma, wepesi huo humfanya asome zaidi, pengo likapanuka. Mwanasaikolojia Keith Stanovich alilieleza hilo mwaka 1986 akiazima lile neno la Injili ya Mathayo, mwenye kitu ataongezewa. Hilo unaweza kuwaambia nyumbani bila kutia chumvi.

Usingizi. Hapa siko upande wako. Kulala saa nane usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi ni saa nne. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Najua si ukaidi mtupu: katika balehe saa ya mwili husogea, homoni ya usingizi huchelewa kutoka, na wewe unajisikia mchangamfu wakati wazazi wanaanguka kwa uchovu. Lakini shule haisogei nayo. Na usingizi ndio unaotuliza hisia, kwa hiyo sehemu ya kilio chako cha siku tatu huenda ilikuwa deni la usingizi lililovaa nguo za msiba.

Wengi hufanya kosa moja: “nimalize sura hii, nilale.” Mwisho wa sura ndipo mwandishi alipotega mtego. Mlango unafunguka, barua inasomwa, mtu anaita jina lako. Huwezi kulala hapo, na hukukusudiwa ulale. Funga kitabu katikati ya sura, katikati ya mazungumzo ya kawaida, mahali ambapo watu wanakula tu au wanatembea. Utaona ajabu inavyokuwa rahisi. Na kama unasomea kwenye simu, hamia kwenye karatasi usiku. Mwanga ni sehemu ya tatizo, lakini ujumbe unaoingia ni mbaya zaidi.

Mama au mlezi anayelalamika, usimpelekee utafiti wowote kati ya hii niliyoitaja. Chagua ukurasa mmoja uliokuchekesha, mkae, umsomee kwa sauti. Wengi wanaogopa kitabu kwa sababu kila wakikiona kimefunika uso wa mtoto wao.

Sasa ile habari niliyosema nitairudia. Wapo vijana ambao kitabu kwao ni mlango wa kujifungia, kwa sababu upande wa pili kuna kitu kinachotisha: mtu anayewapiga, anayewagusa vibaya, au ugomvi usiokwisha. Kama ukifunga kitabu unasikia hofu badala ya kutamani tu kuendelea, kama kuna mtu au chumba unachokikwepa, hapo tatizo si riwaya, wala barua hizi hazitoshi. Vilevile kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, hula vizuri, umejitenga, na hasa kama hata riwaya zenyewe zimekosa ladha, unageuza kurasa bila kujali nani anakufa. Vilevile kama sauti imetoka kichwani na kuwa ya mtu mwingine. Na ukianza kufikiria kujiumiza au kutamani usiwepo, usingoje wiki mbili, sema leo hii. Nenda kwa mtu mzima unayemwamini, mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi au daktari, ana kwa ana, na useme wazi kama ulivyoniandikia. Kwenye barua yako sijaona dalili hizo, nimeona uhaba wa usingizi tu, lakini wewe unajua usichokiandika.

Na swali lako dogo. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakaambiwa mwisho kabla ya kuanza. Walioambiwa hawakuharibikiwa, kwa wastani walizifurahia zaidi kidogo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini kosa la jinai si. Mimi mwenyewe huchungulia, hasa nikishampenda mtu mapema mno na kuanza kumhofia. Ila ukimwazima rafiki yako kile kitabu chembamba, jizuie. Mwache afike mwenyewe, na usiku akikutumia ujumbe wa hasira kwamba mhusika wake amekufa, mjibu haraka.